Bonde Nililoliandika Tupu

Dada Somoe,

Mungu akurehemu. Mwanao Zuhura amekwisha kuvuna, na jana kaniletea mahindi mabichi ya kuchoma. Nimekula nikakukumbuka.

Unawakumbuka wale wapimaji? Nchi ilikuwa imefungua milango, kila mwenye mtaji anatafuta ardhi, na kampuni moja ilitaka bonde letu ilime miwa ya kutengenezea mafuta ya magari. Wao walitumwa kuuliza nani ataumia. Mimi, katibu wa kamati ya ardhi, nikawajazia fomu. Ilikuwa masika, mto umelifunika bonde, sote tumehamia juu. Penye matumizi ya ardhi nikaandika: hakuna, ni tupu. Nilitazama maji tu, nikasahau kwamba mlau, kile kilimo cha kwenye tope la mafuriko, hulimwa maji yakishapungua. Na mlau nimeufundisha darasani miaka mingi!

Nilipokusomea, ulicheka kwanza. "Tupu ni kichwa chako, Mwalimu. Mahindi unayokula wanalima samaki?"

Kesho yake ukawapakia wapimaji wawili mtumbwini, wewe na pondo, mimi nafua maji. Ukawa unachoma pondo chini na kutaja: hapa kwa Bi Mwanahawa, hapa kwangu, pale tunakata ukindu wa mikeka. Yule mpimaji wa kike akakuuliza kama una hati. "Ninayo, mwanangu. Rudi maji yakitoka, utaikuta imeota."

Wakarudi kweli. Wakakuta wanawake wameinama bonde zima, wanafukia mbegu kwenye tope. Fomu yangu ikafutwa, na bonde likatolewa kwenye ramani ya miwa.

Siku hizi watu hunisimamisha njiani, wakidhani katibu ndiye aliyeliokoa bonde. "Shikamoo Mwalimu. Bila wewe tungelima wapi?" Naitikia marahaba, basi. Wewe hukumwambia yeyote kwamba kosa lilikuwa langu. Ulinisuta tukiwa wawili, ukaniacha na heshima yangu mbele ya watu. Ahsante, dada. Sijui kama nilikwambia ungali hai... nadhani sikukwambia.

Sasa wanakuja wageni wengine na ramani nyingine. Ijumaa, baada ya swala, kuna mkutano wa kijiji. Nakuahidi nitasimama niseme: bonde hili niliandika mimi kuwa tupu, na Somoe ndiye aliyeliokoa. Kisha kalamu ya kamati nitamkabidhi Zuhura, wakikubali.

Pumzika, dada yangu.

Kaka yako