Jumamosi Ziwani Nkome

Jumatano, 9 Julai

Nimegeuza michembe ya viazi juani mara mbili. Kuku wamekula kona nzima. Upepo wa vumbi, macho yanawasha.

Mchana Limi kapiga simu kutoka Geita. Jumamosi hayupo zamu hospitali. Anataka mimi na baba yake tukashinde naye ziwani, Nkome. "Mama, ukanifundishe kuogelea." Nikamwambia nitafikiria. Uongo. Nilishaamua kabla hajamaliza kusema.

Nkome ndiko nilikozaliwa. Nilijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Kisha nikapangiwa kufundisha Kishapu, nikaolewa Kishapu, na Kishapu maji ni ya ndoo. Wazazi walipofariki sikuwa na pa kufikia tena. Miaka thelathini na zaidi sijalowa kupita magoti.

Alhamisi, 10 Julai

Baba Limi atakuja. Ng'ombe anamwachia mdogo wake. Halafu akauliza: "Mama mzima, mwalimu mstaafu, utavua nguo mbele za watu?"

Sivui. Nimenunua suruali nyeusi ya kubana mnadani hapa Mhunze, na juu yake nitavaa dera. Nikamwonyesha. Akatazama pembeni. Nimeudhika.

Tena naogopa. Mwili huu si ule.

Ijumaa, 11 Julai

Basi toka Shinyanga, kupitia Kahama. Pikipiki za wachimbaji, maduara yao ya dhahabu yaliyofunikwa maturubai kando ya barabara, vumbi mpaka kwenye meno. Tumefika kwa Limi jioni. Binti akapiga goti, "Shikamoo baba." Hakuitikia hata marahaba. Alisema, "Mama yako anakwenda kuzama."

Limi alicheka. Mimi sikucheka. Nimekula na kulala bila kumsemesha mume wangu.

Jumamosi, 12 Julai

Ziwa limetulia. Si wimbi, si upepo.

Mwenye mtumbwi ni mama mmoja muuza dagaa, Mama Kulwa. Nikamsalimu kwa Kizinza. Maneno yalitoka kwa shida lakini yalitoka. Akaniuliza mimi wa ukoo gani, nikamtajia, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikauliza habari za mamba. Akasema ghuba hii ni salama, watoto wake wote wamekulia humu, ila kule kwenye matete tusisogee.

Tulianza na mtumbwi. Limi alipiga kasia kama anayesonga ugali. Tukazunguka palepale. Nikamwonyesha: chovya, vuta, tulia. Baada ya muda mtumbwi ukanyooka, tukaenda mbali kidogo, tukarudi. Baba Limi alikaa juu ya jiwe, kofia kichwani, viatu miguuni. Tulimpungia mkono. Hakupunga.

Kisha nikaingia. Maji yakafika kiunoni, kifuani, nikaachia. Mwili ulikumbuka wenyewe. Goti linalonitesa kila asubuhi sikulisikia kabisa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nikamfundisha Limi kuelea. Alikunywa maji mara kadhaa, akapata. Alipochoka alitoka kwenda kuangalia samaki anayekaangwa kwa Mama Kulwa. Mimi nikaenda kwenye mwamba ulio katikati ya ghuba. Wakati wa utoto haukuwa mbali hivi. Nilifika pumzi imekwisha. Nikapanda upande wa pili, wenye jua, nikajilaza. Jiwe lilikuwa la moto, zuri. Sikumwaza mtu yeyote.

Nikasikia mtu anaita, "Veronika!"

Sikujua ni nani anayeniita hivyo. Huko Kishapu mimi ni Mama Limi au Mwalimu. Hilo jina mume wangu hajalitaja tangu Limi azaliwe.

Nikachungulia. Baba Limi alikuwa ndani ya ziwa. Na shati, na viatu, maji kifuani, anasogea kuja kwangu. Kofia inaelea nyuma yake. Mtu wa lambo la ng'ombe, hajawahi kuogelea hata siku moja. Mbele yake sakafu ya ziwa inashuka ghafla. Tulipapita kwa mtumbwi, nilipaona.

Nikapiga kelele: "Simama hapohapo! Usiongeze hatua!"

Nikaruka. Sijawahi kuogelea kwa hofu vile. Nilipomfikia alikuwa amesimama, maji sasa shingoni. Nikamshika mkono.

"Ulipita nyuma ya jiwe," alisema. "Nikangoja utokee. Hukutokea."

"Nilikuwa napumzika."

"Mimi ningejuaje?"

Nilitaka kumgombeza. Mtu hajui kuogelea, anakwenda kumwokoa anayejua. Sikuweza. Nikamrudisha mpaka maji yakafika kiunoni. Limi na Mama Kulwa walikuwa wanakuja mbio. Nikawaonyesha kwa mkono kuwa tuko salama.

Nilidhani atatoka. Hakutoka. Akavua viatu mlemle majini, akavirusha ufukweni kimojakimoja. Akasema, "Haya. Nishike na mimi kama ulivyomshika mtoto."

Nikamwekea mkono mgongoni. Miguu ikazama kama mawe. Akakohoa, akarudia. Mara ya mwisho alielea kidogo, macho kafumba, kaukunja uso kama anayechomwa sindano. Limi kacheka mpaka kakaa chini. Hata baba yake alicheka.

Tukala sato kwa ugali, tumelowa. Sijapata siku kama hii miaka mingi.

Jumapili, 13 Julai

Mabega yanauma. Siwezi kuinua mkono kusuka nywele.

Mkwe wetu karudi kutoka zamu mgodini. Baba Limi kamsimulia. Kwake yeye ghuba haina mwisho na mwamba uko karibu na Ukerewe. Nimemwacha.

Jumatatu, 14 Julai

Tumerudi Mhunze. Ng'ombe wote wapo, ndama mmoja anaharisha. Nimefagia vumbi ndani, nimeinjika maji, nimesonga.

Majirani wamekuja kuuliza habari za safari. Baba Limi kawajibu nzuri tu, basi.

Walipoondoka akasogeza kigoda karibu na jiko. Akauliza ni nani alinifundisha kuogelea. Hajawahi kuniuliza mambo ya kwetu. Nikaanza na baba yangu, nikaja kwa dada, na mtumbwi wetu uliokuwa unavuja. Aliendelea kuuliza. Na mama je? Na shule mlivuka kwenda wapi?

Ugali umepoa mbele yetu. Tumeula hivyohivyo.