Vilima Katika Uwanja wa Roboti

Lukang, 3 Machi

Kaka Po-hsun,

Shikamoo. Kifua kimepona? Sisi wazima, ila Mama amenikataza kukupigia simu. Anasema tukipigiana tunafokeana mpaka jirani anafunga dirisha. Basi nakuandikia.

Kaka, nina habari! Mashindano ya roboti ya sikukuu ya Mazu, mungu wetu wa bahari, yatafanyika uani mwa hekalu lake, na kamati imenipa mimi kazi ya kujenga uwanja. Nataka vilima! Na bonde katikati! Miaka yote tunapigana juu ya bamba tambarare, na miaka yote roboti wako Sepetu anashinda kwa sababu pua yake inalamba sakafu na kupenya chini ya kila mtu. Mwaka jana Shangazi alisinzia kwenye fainali. Fainali, Kaka!

Njoo. Tangu tugombane siku ile ya fainali hujakanyaga nyumbani, hata Mwaka Mpya.

Mdogo wako,
Ling-chu


Hsinchu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepona, mwambie Mama nakula vizuri.

Vilima? Una kichaa? Uwanja tambarare ndio haki yenyewe: aliyeunda vizuri anashinda, aliyeunda vibaya analia. Ukiweka vilima, mtu anabinuliwa na tuta, si na mpinzani. Hiyo ni bahati nasibu. Sema ukweli tu: Nyati wako na pembe zake zote hamwezi Sepetu, sasa unataka ardhi ikusaidie.

Mkiweka vilima, siji. Sikukuu hii wala nyingine.

Kaka yako


Lukang, 21 Machi

Kaka,

Shikamoo, japo safari hii hustahili. Mama hajambo, ila barua yako ilimkosesha raha.

Mzee Tsai, mwenyekiti wa kamati, alichoshwa na ubishi akasema tumuulize Mazu mwenyewe. Akapiga magoti, akarusha vile vipande viwili vya mbao vya kumuulizia mungu. Kimoja kikalala kifudifudi, kingine chali: ndiyo. Akarudia: ndiyo. Mara ya tatu: ndiyo! Ukumbi mzima ukapiga makofi. Vilima vinajengwa.

Najua utasema nini. Utasema sakafu ya hekalu imebonyeabonyea, turushe upya penye tambarare!

Lakini Kaka, bila wewe sina wa kupigana naye. Hao wengine nawashinda huku natafuna. Njoo, hata kama unakuja kunitukana tu.

Mdogo wako


Lukang, 2 Mei

Kaka yangu,

Umefika salama? Ulikimbilia treni ya kuwahi zamu hata hatukuongea.

Hukunijibu mwezi mzima, nikakata tamaa. Halafu jana nakuona unaingia getini na sanduku la Sepetu! Mama aliangusha sahani nzima ya chaza.

Na ile fainali! Nyati wangu kateleza bondeni, kwenye bonde nililolijenga mwenyewe, magurudumu hewani, mwamuzi anahesabu. Ungesimama tu pale kileleni, ungekuwa bingwa. Badala yake ukateremka mbio na Sepetu ukamsukuma Nyati mpaka akasimama! Nikakunyanyua, nikakubwaga nje. Shangazi alipanda juu ya kiti akipiga mayowe. Mzee Tsai anamwambia kila mtu kwamba hajapata kuona kijana muungwana kama wewe. Mama analia tangu jana, na mimi pia. Sikujua kama unanipenda hivyo.

Mdogo wako


Hsinchu, 6 Mei

Mdogo wangu,

Nimefika salama, na chakula alichonifungia Mama kiliisha kabla treni haijashika kasi. Sasa kaa chini.

Sikukuokoa. Nilikuona umelala chali nikasema: leo namtupa nje kabisa, akome! Nikaja kwa nguvu zote. Ile pua ya Sepetu ikajikwaa kwenye mwinuko, ikaruka juu badala ya kupita chini, ikakupiga ubavuni na kukusimamisha. Kwenye bamba tambarare ungekuwa umekwisha.

Nilikasirika mpaka kituo cha pili, kisha nikaanza kucheka peke yangu, watu wakahama viti. Sijawahi kupigwa nikafurahi namna hii! Mama usimwambie, mwache ajivune kidogo.

Vilima visibomolewe. Pua ya Sepetu nimeikata, nimemfunga magurudumu makubwa, na Jumamosi nakuja nyumbani kumjaribu. Safari hii ukianguka bondeni, sikukosi.

Kaka yako asiye muungwana,
Po-hsun