Kipimo Kilicholala Mtungini

Nkowe, Jumapili, 2007

Eti protini itaoza kabla sijafika Ruangwa! Msimamizi wangu wa chuo alinicheka mbele ya wenzangu. Kipimo cha sumu ya muhogo, akasema, hakiendi kijiji kisicho na friji.

Kimefika. Ni kijiti chenye mirija ya kaboni myembamba kuliko unywele, iliyoshikana na protini inayoitambua sumu. Siku tatu kimelala kwenye mtungi wa Mama, juu ya mchanga wenye maji unaokipoza.

Leo nimekidondoshea maji ya muhogo. Mshale wa mita ya umeme niliyokiunganisha nayo ukaruka: sumu ipo. Mama akatafuna kipande cha muhogo huohuo, akatema. "Mchungu. Hakijadanganya."

Ni mara moja tu, najua, na naogopa. Kesho narudia.

Lakini kwenye ripoti, penye "friji" nitaandika "mtungi wa Mama". Msimamizi akicheka tena, nitampa muhogo huu atafune.