Saa ya Mshonaji Bora

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mimi nipo, nimechoka tu. Usinicheke kwa maandishi haya makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Ijumaa nilipewa tuzo ya Mshonaji Bora wa kiwanda. Meneja aliinua shati mbele ya watu, akasema kola zangu hazina kasoro, wengine waige. Aliyepiga vigelegele kuliko wote ni Mama Pacha, anayeshona kwenye cherehani iliyo kando ya yangu.

Mwenzangu, kola zile ni zake. Huu ni mwezi wa nne sasa macho yangu hayaoni mshono. Mimi nashona ubavu wa shati kwa kupapasa, yeye ananishonea kola, tunazifunga kwenye furushi lenye namba yangu ili nisifukuzwe. Wakaguzi husoma namba tu. Na kwa kuwa huanza na zangu, zake huzimaliza mbiombio. Ijumaa hiyohiyo alipewa barua ya onyo.

Nilitaka kusema palepale, akanibana mkono. "Nyamaza, shoga. Ukisema tunatoka wote wawili."

Jumamosi nikampelekea nyumbani kwake zawadi niliyopewa na tuzo. Akaikataa katakata. "Ina jina lako hiyo. Rudi nayo."

Mama mwambie nimeshinda. Ya macho usimwambie.

Zawadi yenyewe ni saa ya ukutani. Nimeitundika mbele ya kitanda, naisikia inavyokwenda. Asubuhi nagonga kwa jirani kumuuliza ni saa ngapi.

Ni mimi dada yako