Ya Manjano au Nyeusi

Charo ndugu yangu,

Hoteli uliyofanyia kazi iliniita juzi nikaandike gazetini jinsi inavyojali usalama wa wazamiaji wake. Nilikwenda. Nakueleza niliyoyaona, kwa kuwa yalikuhusu na hukuwepo kuyacheka.

Meneja alikuwa ameweka mezani kompyuta mbili za kuzamia, zile za kuvaa mkononi kama saa. Moja ya manjano, moja nyeusi, za kampuni mbili tofauti. Muuzaji kutoka Mombasa alizisifu zote kwa pumzi moja. Ya manjano ina tarakimu kubwa. Nyeusi hulia mzamiaji akiibuka haraka, kama ile ya zamani uliyoisema, "Kidude hiki kinanifokea kuliko Kadzo." Mkeo alikusikia, ukala sima kavu siku hiyo.

Walibishana asubuhi nzima. Mhasibu aliitaka ya manjano, eti inatoka vizuri kwenye picha za wageni. Meneja aliishika nyeusi, akaigeuzageuza kama anayechagua embe sokoni, akasema kwa sauti ya msibani, "Marehemu Charo angeipenda hii."

Nikauliza watanunua ngapi.

"Moja, bwana. Vijana hupokezana. Ndivyo tunavyofanya hapa."

Hakuna aliyeinua macho. Wanajua, Charo. Kompyuta hiyo hukadiria gesi iliyobaki mwilini mwa aliyeivaa, ile inayoweza kumuua akiibuka mapema; mwingine haimjui. Asubuhi ya siku yako ya mwisho, ile ya zamani ilikuwa mkononi mwa mgeni aliyeelea juujuu akitazama samaki. Wewe ulishuka chini kabisa, mkono mtupu, kufungua nanga iliyonasa. Mchana wakamvua mgeni kompyuta ile, wakakufunga wewe. Ikakupa muda wa mtu ambaye hajazama. Ukaitii. Ulipopandishwa botini ukasema miguu huisikii, na meneja akaagiza upewe chai.

Chai.

Hatimaye ya manjano ikashinda. Meneja akamwita Karisa, mdogo wako, ambaye amepewa kazi yako, aivae nimpige picha. Ungemwona. Mabega yake sasa ni yako. Aliifunga, akaifungua, akairudisha mezani taratibu.

"Kila mzamiaji na yake, bosi. La sivyo, vaa wewe uzame."

Meneja akacheka. "Kijana, wanaoitaka kazi hii wamepanga foleni hadi mto Sabaki."

"Waite basi," akasema Karisa. Akavaa kandambili zake, akatoka.

Wazamiaji wenzake walikuwa wamesimama ukutani. Mmoja akachukua kofia yake akamfuata, kisha na wa pili, kisha chumba kikabaki na wasiojua kuzama. Meneja akamgeukia muuzaji, akamuuliza kama mkanda wa ile ya manjano hurefushwa umtoshe yeyote.

Wageni wameahidiwa kuzamia kesho na hakuna wa kuwaongoza. Karisa huenda asiajiriwe tena pwani hii, naye anajua. Kadzo alipopata habari alimwita mezani. Alimpakulia wali wa nazi, sahani iliyojaa, akakaa kumtazama akila.

Mhariri wangu anataka mistari michache tu, chini ya kichwa "Ajali ya Mzamiaji". Nimemrudishia karatasi yenye kichwa hicho.

Pumzika, Charo. Nitaandika nani alikufunga kile kidude, nani alikuwa nacho kabla yako, na nani bado anataka kimoja kiwatoshe wote. Habari hii ikikataliwa hapa nitaipeleka kwingine, na kokote itakakotoka, haitaitwa ajali.