Kuku ni wa Hema la Kwanza

Wawira, nimetoka kwa kamati ya harusi sasa hivi. Usinipigie, Kaari amelala mapajani.

Unakumbuka kadi ya menyu niliyochapa mwenyewe kule darasa la jioni la kompyuta? Pilau, kuku, chapati, matunda. Niliwapelekea kama mfano, nikidhani watafurahi.

Shangazi yake Nyamu, si ndiye mwenyekiti, akaisoma mara mbili. "Bibi harusi, hii umeandikia nani?" Nikasema kila meza. Akacheka. "Kuku ni wa hema la kwanza. Ukiwaandikia watu wa Kiambere kuku, si watauliza kuku ako wapi?"

Watu wa Kiambere. Huyo ni mama yangu, Wawira.

Kumbe kuna hema la pili. La watu wa kwetu. Huko ni githeri, mahindi na maharagwe tu. Na mama ametoa mbuzi wawili, ambao wataliwa hema la kwanza.

Nikamwangalia Nyamu, mwanaume anayenioa. Alikuwa anaangalia simu. Simu, Wawira. Tukitoka ananiambia, "Mama Kaari, hiyo ni karatasi tu."

Basi wameamua kadi hakuna, ndio watu wasijue wamenyimwa nini.

Lakini siku ya harusi, tukitoka kanisani, nitaingia hema la pili na gauni langu jeupe, niketi kando ya mama, nile githeri. Nyamu atajichagulia hema.