Seva Iliyovalishwa Sweta

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kutoka huku Lindi kwenye joto. Natumaini wewe na watoto ni wazima, na ukungu wa Gitting haujawazuia kuvuna njegere. Mama yangu mzazi mfikishie shikamoo yangu kwanza, kabla hujamsomea yanayofuata. Mimi mzima, ila nimefungwa kama ndama anayesikia mama yake akikamuliwa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungecheka mpaka salio liishe.

Unajua niliahidi kuja kumpeleka Mama hospitali ya Haydom akatolewe mtoto wa jicho, maana amesema bila mimi hapandi basi. Ruhusa nilishapewa. Mara seva ya chuo, ile kompyuta inayotunza majina na alama za wanafunzi wote, ikaanza kujizima. Kila siku, saa saba mchana, kimya! Meneja wetu, Bi Salma, akataka tuweke programu mpya ya kanzidata, ya kutunzia hizo alama, yaishe. Nikakataa kwa ujuzi wangu wote: tukihamisha alama huku mashine inaanguka, zitaharibika njiani. Kwanza tujue ugonjwa.

"Sawa," akasema, "na ruhusa yako isubiri ugonjwa ujulikane."

Mlango nikajifungia mwenyewe.

Wiki mbili, mke wangu! Nikalaumu umeme, nikabadilisha nyaya. Nikalaumu diski, nikazipima moja moja, zote nzima. Nikalaumu programu ya zamani, nikasoma kumbukumbu za hitilafu mpaka macho yangu nayo yakataka kwenda Haydom.

Jumatatu Bi Salma akaingia mwenyewe chumba cha seva. Akasimama.

"Fundi, hii mashine umeivalisha sweta?"

Kitambaa chako, Mama Neema! Kile ulichonifumia kwa uzi wa sweta nifunikie redio. Redio yenyewe sina, basi nikafunika seva, kama tunavyofunika kila kitu nyumbani. Nikaziba matundu yote ya hewa. Asubuhi ilivumilia, mchana wanafunzi wakiitumia wote, inachemka, inajizima isiungue. Na kila ilipozima niliifunua, nikaikagua, nikaiwasha, nikaifunika tena, pindo nikalinyoosha.

"Fundi mzima na mvi zako," akasema.

"Bi Salma, kwetu kuna baridi."

Hakucheka. Ameagiza seva ikae wiki nzima bila kuanguka, ndipo tuweke programu mpya, ndipo nitoke. Siku ya Mama kule hospitali ni Jumatano ijayo. Sitafika.

Tafadhali nenda naye wewe. Mwambie mwanawe hajamkimbia, kajifunga kwa ujinga wake. Akikataa, mwambie nimeomba kwa kupiga magoti. Hataona, lakini ataamini.

Msalimie kaka yangu mkubwa, shikamoo yake, na shangazi wa Nangwa aliyenisomesha hesabu ambazo hazikunisaidia.

Kitambaa nakirudisha pamoja na barua hii. Mfunike Mama nacho mabegani ndani ya basi, alfajiri huko baridi ni kali. Kinapasha joto kweli. Nimekijaribu wiki mbili.

Mumeo aliye kifungoni,
Baba Neema